Kalamu Iliyotangulia Panga

Katuni za chuki zilisaidia kuwageuza majirani kuwa mawindo nchini Rwanda, na mzizi wake mmoja ulipandwa Kampala. Picha za aina hiyo hazijakoma. Leo zinasafiri kwa simu hadi mtaa wa Namuwongo.

Katikati ya mwaka 1994 biashara ya samaki iliporomoka nchini Uganda. Ngege na mputa, ambao ng'ambo ya pili ya ziwa huitwa sato na sangara, walikosa wanunuzi kwa sababu watu waliogopa kula chochote kilichotoka Ziwa Victoria. Mto Kagera ulikuwa unamwaga ziwani maiti za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Wavuvi wa Kasensero, Lambu na Ggolo waliokwenda kutega samaki walirudi na miili ya watu, mingine imefungwa mikono kwa nyuma, mingine ya watoto wachanga.

Walioopolewa walizikwa katika ardhi ya Uganda. Kwa hesabu ya kumbukumbu za maeneo hayo matatu, Ggolo wilayani Mpigi wamelala watu 4,771, Lambu wilayani Masaka 3,337, na Kasensero, pale Kagera unapoingia ziwani, 2,875. Jumla ni watu 10,983.

Safari ile ya majini ilikuwa imetabiriwa hadharani. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mjini Kabaya, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, akawaambia wafuasi wa chama tawala kwamba kwao Watutsi ni Uhabeshi, yaani Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kupitia Mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo ndiyo yanayoingia Kagera. Kwa hiyo maiti zilizofika Uganda zilikuwa zimebebwa na hoja kabla hazijabebwa na maji: kwamba hawa ni wageni, damu yao ni nyingine, na mto utawarudisha walikotoka. Hoja hiyo ilihubiriwa jukwaani, ikatangazwa redioni na ikachorwa magazetini. Makala haya yanahusu iliyochorwa.

MTAA WA WALIOKIMBIA

Namuwongo iko chini ya kilima cha Muyenga, kando ya eneo la viwanda la Kampala, na imebanwa na njia ya reli na mtaro wa Nakivubo. Vitongoji vyake vina majina kama Soweto na Go-Down. Kuna mabanda ya mbao na mabati, vibanda vya chapati za rolex, mafundi simu, wauza mkaa wa kopo na akina mama waliotandaza mukene, yaani dagaa, juani. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mtaro huingia ndani ya nyumba bila kuuliza kabila la mwenye nyumba.

Ni mtaa uliojengwa na vita vya watu wengine. Wapo waliotoka Acholi na Lango wakati wa vita vya Lord's Resistance Army (LRA), vilivyowaweka zaidi ya watu milioni moja na nusu kambini kaskazini mwa Uganda. Wapo waliovuka mpaka kutoka Kivu, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini. Luganda, Kiacholi, Kiswahili, Lingala na Kinyarwanda husikika kwenye foleni moja ya bomba la maji. Watu ambao ndugu zao walisimama pande mbili za vita wanakopeshana sabuni na kulea watoto wa jirani.

Mahali kama hapa ndipo propaganda ya vita inapotaka kupavunja. Haina kazi kubwa kwa watu ambao tayari wametengana. Kazi yake ni kwa wale wanaoishi mlango kwa mlango na wanaojuana kwa majina. Ili mtu amgeukie jirani anayemfahamu, lazima kwanza apewe picha nyingine ya jirani huyo, na apewe mara nyingi mpaka ile ya kwanza ififie.

MGENI WA KABAKA

Picha iliyotumika Rwanda ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 120, na mmoja wa walioipa umbo alilala na kula Kampala. Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Kabaka Mutesa I wa Buganda mwezi Februari 1862. Lubiri, yaani kasri la Kabaka, wakati huo lilikuwa kwenye kilima cha Banda, kilomita chache tu kutoka hii Namuwongo ya leo. Alikaa huko karibu miezi mitano. Aliona utawala wenye ngazi na itifaki, barabara pana zilizofagiwa, majeshi yenye nidhamu, na akashindwa kukubali kwamba Waafrika waliomzunguka walivijenga vyote hivyo wenyewe.

Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alitoa maelezo yake. Watawala wa nchi hizi, alidai, ni Wahuma, na Wahuma walitoka Uhabeshi. Walikuwa jamii bora iliyowashinda wenyeji walio duni. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa maumbile: pua, kimo, umbo la uso. Yeye mwenyewe aliita fikra hiyo nadharia, lakini waliokuja nyuma yake waliichukua kama historia. Wamisionari waliifundisha. Wabelgiji walipoitawala Rwanda waliwapima watu pua na vichwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakaanza kutoa vitambulisho vilivyomwandika kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa.

Mwanzoni hadithi hiyo iliwapendelea Watutsi: wao ni wateule, wazaliwa wa kutawala. Mapinduzi ya Wahutu ya 1959 yalipokuja, hadithi haikufutwa. Ilipinduliwa tu. Ikiwa Mtutsi alikuja kutoka Uhabeshi kama mtawala, basi ni mvamizi, na mvamizi anaweza kufukuzwa. Maelfu walikimbilia Uganda, na watoto wao wakakulia makambini kama Nakivale. Hata huku hawakuachwa: mwaka 1982, chini ya serikali ya Milton Obote, Wanyarwanda wengi wa Ankole walifukuzwa kwenye makazi yao. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF, chama cha wakimbizi hao, waliingia Rwanda kutoka Uganda kupitia Kagitumba, na vita vikaanza.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Miezi michache kabla ya vita hivyo, lilikuwa limezaliwa gazeti liitwalo Kangura.

KURASA ZA KANGURA

Mhariri wake alikuwa Hassan Ngeze, mtu wa Gisenyi. Toleo namba 6 la Desemba 1990 lilichapisha zile zilizoitwa Amri Kumi za Wahutu. Ya kwanza iliwahusu wanawake wa Kitutsi, kwamba kila mmoja wao anafanya kazi kwa masilahi ya kabila lake. Ya nane iliwataka Wahutu waache kuwahurumia Watutsi. Mapema mwaka 1993 likaandika kwamba mende hawezi kuzaa kipepeo. Neno inyenzi, yaani mende, lilikuwa limetumika tangu miaka ya 1960 kwa wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa wakivuka mpaka usiku. Sasa gazeti lililifanya kuwa neno la ukoo mzima: baba mende, mtoto mende, na mtoto atakayezaliwa kesho mende pia.

Tulitazame kwa karibu jalada la toleo namba 26, la Novemba 1991. Kuna picha ya Grégoire Kayibanda, rais wa kwanza wa Rwanda huru, anayehusishwa na mapinduzi ya 1959. Kando yake limechorwa panga limesimama wima. Ubavuni mwa panga kuna swali: ni silaha gani zitumike kuwashinda Inyenzi moja kwa moja? Hakuna jibu lililoandikwa. Jibu limechorwa. Mtu asiyejua kusoma angeweza kulielewa jalada lile akilitazama tu mkononi mwa mwenzake, kwa sababu panga lilikuwa chombo cha kila nyumba ya mkulima, la kukatia ndizi na kufyekea shamba. Mchoro uliwaambia watu kwamba silaha wanayo tayari, na kwamba mtangulizi wao mkuu anaitazama kwa ridhaa.

Mchoro mwingine ulitoka Februari 1994, miezi miwili kabla ya mauaji. Jenerali Roméo Dallaire, Mkanada aliyeongoza walinda amani wa Umoja wa Mataifa, amechorwa akibembelezwa na wanawake wa Kitutsi, na maelezo yanasema yeye na jeshi lake wamenaswa katika mtego wa wanawake hao. Kwa mchoro mmoja gazeti lilifanya mambo mawili. Lilimwambia msomaji kwamba walinda amani wamekwisha nunuliwa, wasisikilizwe. Na lilimwambia kwamba mwili wa mwanamke wa Kitutsi ni silaha ya adui.

Silaha ya adui hutekwa na kuvunjwa. Mwaka 1996 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, René Degni-Ségui, alikadiria kwamba wanawake kati ya 250,000 na 500,000 walibakwa wakati wa mauaji yale. Tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliamua katika kesi ya Jean-Paul Akayesu kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, na ikatambua jinsi wanawake wa Kitutsi walivyolengwa. Anayetaka kujua wauaji walipata wapi fikra kwamba kumdhalilisha mwanamke ni sehemu ya vita, sehemu ya jibu aitafute katika michoro kama hiyo.

BARAKOA ILE ILE

Kutia chumvi ndiyo kazi halali ya mchoraji wa katuni. Humwongezea rais masikio, humvimbisha waziri tumbo, humpa tajiri mfuko usiojaa. Msomaji hucheka kwa sababu anamtambua mtu fulani. Katuni ya chuki hutia chumvi mahali pengine. Humwacha mtu fulani, ikachukua pua ya kabila, rangi ya jamii, kimo cha taifa, na kuvigeuza kuwa ushahidi wa tabia. Baada ya hapo alama huwa chache na hujirudia: mnyama au mdudu anayemvua adui ubinadamu, mwanamke anayetishiwa au anayetisha, na asili ya mbali inayomfanya jirani aonekane mpangaji asiye na haki ya kukaa.

Kwamba alama hizo hazielezi chochote cha kweli kuhusu wanaochorwa, historia imethibitisha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Marekani ilibandika bango la Harry Hopps lenye sokwe mkubwa aliyevaa kofia ya chuma ya Kijerumani, rungu mkono mmoja na mwanamke mweupe mkono wa pili. Sokwe huyo alikuwa Mjerumani. Vita vilipokwisha, Ufaransa ilipeleka askari wake wa Kiafrika kukalia eneo la Mto Rhine, na mwaka 1920 jarida la Kladderadatsch la Berlin likachora sokwe aliyevaa kofia ya jeshi la Ufaransa, naye amebeba mwanamke mweupe. Wale wale waliokuwa wamechorwa kama sokwe walimchukua sokwe huyo wakamvisha Mwafrika.

Mchoro ule ulidai bei yake. Mwaka 1937 serikali ya Hitler iliwahasi kwa siri watoto wasiopungua 385 waliozaliwa na askari hao na wanawake wa Kijerumani. Juni 1940, huko Chasselay karibu na Lyon, wanajeshi wa Kijerumani waliwatenga mateka wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa na kuwaua kwa makumi. Askari aliyefyatua risasi siku ile huenda alikuwa amekua akitazama picha za sokwe.

Jirani zetu wa Ethiopia waliyapata yao mwaka 1935 na 1936, Mussolini alipowavamia. Mchoraji Enrico De Seta alitengeneza kadi za posta za kuwachekesha askari wa Kiitalia. Katika mojawapo, askari yuko posta na anataka kumtumia rafiki yake zawadi kutoka Afrika Mashariki. Zawadi ni mwanamke wa Kihabeshi aliyefungwa kama kifurushi. Agosti 1938 likaanzishwa jarida la La Difesa della Razza, na jalada lake lilionyesha upanga ukilitenga sanamu la kizungu na sura ya Myahudi na ya mwanamke wa Kiafrika. Mwaka 1944 Gino Boccasile alichora askari mweusi wa Marekani akiwa ameishika sanamu ya Venus iliyobandikwa bei ya dola mbili. Na Waganda waliokuwa katika King's African Rifles, waliosaidia kuwatoa Waitalia Ethiopia mwaka 1941, walikuwa wakipigana na jeshi lililofundishwa hivyo kuwatazama.

Upande uliopigana na Hitler nao haukunusurika. Tarehe 13 Februari 1942, gazeti la PM la New York lilichapisha katuni ya Dr. Seuss, ambaye baadaye alipendwa na watoto wa dunia nzima. Alichora mlolongo mrefu wa Wamarekani wenye asili ya Japani, wote sura moja, wakipanga foleni kupewa baruti ili washambulie nchi yao wenyewe. Siku sita baadaye Rais Roosevelt alitia saini amri iliyofungua njia ya watu kama 120,000 kuondolewa majumbani na kufungiwa makambini, wengi wao wakiwa raia kwa kuzaliwa. Mwaka 1954, baada ya kuitembelea Japani, Dr. Seuss alitoa kitabu cha watoto kinachotetea thamani ya kila mtu hata awe mdogo kiasi gani, akakitabaruku kwa rafiki yake wa Kyoto. Kwa waliokwisha kukaa kambini miaka mitatu, kitabu hicho kilikuwa kimechelewa.

UGANDA NAYO ILICHORWA, NAYO ILICHORA

Waganda wanaujua uchungu wa kuchorwa. Katika miaka ya 1970 jarida la Punch la London lilimfanya Idi Amin kuwa kichekesho cha kila mara, na maandishi ya Alan Coren yakakusanywa kuwa kitabu mwaka 1974. Amin alisemeshwa Kiingereza kibovu cha mtu mjinga, kama kwamba kosa lake lilikuwa kuwa Mwafrika aliyevaa sare. Wakati wasomaji wakicheka, watu walikuwa wakitoweka Kampala. Katuni zilizomwonyesha kama sokwe au mla watu ziliwaficha waliouawa nyuma ya dharau kwa bara zima.

Linganisha na lililotokea Tanzania. Amin alipolivamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Julius Nyerere na vyombo vya habari vya nchi yake walimwita nduli. Ni neno kali, na ni propaganda ya vita. Lakini lilimshutumu kwa mauaji aliyoyafanya, na Mwalimu alisisitiza kwamba ugomvi wa Tanzania ni na Amin, wala si na watu wa Uganda. Wanajeshi wa Tanzania walipoingia Kampala Aprili 1979 walipokewa kwa shangwe. Nchi inaweza kupigana, tena kwa hasira, bila kumgeuza raia wa upande wa pili kuwa mdudu.

Sisi wenyewe hatukushika somo hilo sawasawa. Waingereza walikuwa wamezigawa jamii za Uganda, wakiwaona watu wa kaskazini kuwa wa kivita na kuwaandikisha jeshini kwa wingi. Uhuru ulipokuja, taswira hiyo ilibaki. Katika vita vya Luweero, kuanzia 1981 hadi 1986, askari wa kaskazini waliitwa Anyanya, jina la waasi wa Sudan, kana kwamba Mwacholi au Mlango si Mganda kamili. Baadaye, watu wa kaskazini walipokuwa wakichinjwa na LRA na kurundikwa makambini, wako waliosema kusini kwamba hayo ni yao wenyewe, ndivyo walivyozaliwa. Watoto wa waliokimbia hayo ndio vijana wa Namuwongo leo, na bado wanakutana na dharau hiyo kwenye mlango wa mwajiri na mdomoni mwa mwenye nyumba.

ARUSHA ILISEMA NINI

Hassan Ngeze alikamatwa Mombasa mwezi Julai 1997. Alishtakiwa pamoja na Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, na hukumu ikatolewa tarehe 3 Desemba 2003. Jaji Navi Pillay wa Afrika Kusini alimwambia Nahimana kwamba alisababisha vifo vya maelfu bila kushika bunduki wala panga. Kuhusu jalada la Novemba 1991, mahakama ilikubali kwamba jibu lililokusudiwa la swali lile lilikuwa panga.

Rufaa iliamuliwa tarehe 28 Novemba 2007. Kifungo cha maisha cha Ngeze kilipunguzwa kuwa miaka 35, kwa sababu mamlaka ya mahakama yalihusu mwaka 1994 pekee na matoleo ya nyuma hayakuweza kumtia hatiani kwa uchochezi. Lakini hatia ya kuchochea mauaji ya kimbari kwa maandishi ya Kangura ya mwaka 1994 ilibaki. Naye Mugesera, aliyekimbilia Kanada, alirudishwa Rwanda mwaka 2012 na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kwa wachoraji na wahariri wa Afrika Mashariki, hukumu hiyo ina uzito wa pekee. Ilitolewa kwetu, katika mji wetu, dhidi ya mtu aliyekamatwa kwenye pwani yetu. Hakuna mhariri wa eneo hili anayeweza kusema hakujua.

VITA VYA KIVU KATIKA KIOO CHA SIMU

Gazeti la chuki leo halihitaji mtambo wa kuchapa. Hata kabla ya zama za simu, Agosti 1998, vita vilipozuka tena Kongo, Abdoulaye Yerodia Ndombasi, msaidizi wa Rais Laurent-Désiré Kabila, aliwalinganisha adui na wadudu na vijidudu vya kuangamizwa, na Watutsi wakawindwa Kinshasa. Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2000. Tarehe 14 Februari 2002, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliibatilisha kwa kuwa alikuwa waziri wa mambo ya nje na alikuwa na kinga. Hakuwahi kuhukumiwa.

Mwaka 2022 Alice Wairimu Nderitu, Mkenya aliyekuwa mshauri maalumu wa Umoja wa Mataifa wa kuzuia mauaji ya kimbari, alionya kuhusu matamshi ya chuki na mashambulizi ya kikabila mashariki mwa Kongo. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, na mwezi uliofuata Bukavu. Wimbi jingine la wakimbizi likaelekea Uganda, nchi ambayo tayari ilikuwa na wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, na vita vikaja nao ndani ya simu. Kuna Banyamulenge, Watutsi wa Kongo, wanaoambiwa warudi kwao, ingawa babu zao walizaliwa Kivu. Kuna Wahutu wanaochorwa wote kama wauaji wa 1994, hata waliozaliwa mwaka 2005. Kuna dola la Wahima na Watutsi, uzushi uliovumishwa na Kangura tangu 1990, ambao sasa unapambwa kwa picha zilizotengenezwa na akili mnemba kwa dakika moja.

Picha ya namna hiyo ikifika Namuwongo inamkuta Mkongo na Mnyarwanda chini ya bati moja. Anayeituma huenda yuko Brussels, Toronto au Kinshasa, mahali ambapo hakuna jirani wa kumtazama machoni kesho asubuhi. Anayelipa ni fundi simu na mteja wake.

TUZIPIMEJE?

Wengine watasema dawa ni sheria kali. Tuwe waangalifu. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichokuwa kikitumika dhidi ya wakosoaji wa serikali. Aprili mwaka huo huo mchoraji katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo alianzisha maonyesho mtandaoni ya mashimo ya barabara za Kampala, na wananchi wakamiminika na picha zao. Ile ilikuwa dhihaka kali dhidi ya wenye mamlaka, na nchi iliihitaji. Sheria iliyoandikwa ovyo kwa jina la kuzuia chuki humkamata Ssentongo kabla ya kumfikia Ngeze.

Kipimo bora kiko mikononi mwa msomaji, nacho ni maswali matatu. Je, picha inamshutumu mtu kwa alichokitenda au kwa alivyozaliwa? Je, ukiondoa pua, rangi na kabila, kuna hoja yoyote inayobaki? Na je, aliyechorwa ana njia ya kujisahihisha, au dawa pekee inayopendekezwa ni aondoke au afe? Waziri anayechorwa kama fisi kwa sababu ya fedha zilizopotea anaweza kuzirudisha, na fisi huyo akafutwa. Mtoto aliyechorwa kama mende hana la kurudisha.

Tunaomba mambo matatu. Wahariri wa Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Bukavu waifundishe hukumu ya 2003 kwa kila mchoraji anayeanza kazi. Walimu wa historia wawaonyeshe wanafunzi jalada la Novemba 1991 na kuwafundisha kulisoma, maana atakayelijua hatadanganywa na picha mpya za aina hiyo. Na wewe msomaji, picha kama hizo zikiingia kwenye kundi lako la familia, la kanisa, la msikiti au la bodaboda, usizipitishe, na usinyamaze pia. Mwambie aliyezituma, mbele ya wote, kwamba huyo aliyechorwa ni mtu. Rwanda ya miaka ile ilikuwa na watu wengi waliozichukia katuni zile na hawakusema kitu.